Namna ya Kufuatilia Transposoni Inayohama katika Jenomu ya Mnyoo C. elegans

Mtu anayetaka kuthibitisha kwamba transposoni, yaani kipande cha DNA chenye uwezo wa kuhama, kimehama ndani ya jenomu (DNA yote) ya mnyoo anapaswa kujibu maswali matatu: kiling'oka wapi, kilitua wapi, na je, uhamaji huo ulitokea katika seli za uzazi, ambazo hupeleka mabadiliko kwa watoto, au katika seli za mwili peke yake, ambazo hufa pamoja na mnyoo mwenyewe. Ni swali hilo la tatu ninalolitilia mkazo katika mwongozo huu, kwa sababu niliwahi kupoteza miezi miwili nikifurahia mstari ulioonekana vizuri kwenye jeli ya kutenganishia vipande vya DNA kwa urefu, kumbe nilichokuwa nikikitazama ni DNA ya misuli na utumbo wa mnyoo, na ukoo wake haukuwa umebadilika hata kidogo.

Mnyoo mwenyewe ni Caenorhabditis elegans, mnyoo mviringo mwenye urefu wa milimita 1 hivi, anayepatikana kwenye matunda na mimea inayooza na ambaye chakula chake ni bakteria. Sydney Brenner ndiye aliyemfanya awe mnyama wa maabara za jenetikia kwa makala yake ya mwaka 1974, na jenomu yake, yenye takriban jozi milioni 100 za besi (herufi za DNA) katika kromosomu 6, ilichapishwa mwaka 1998 ikiwa ya kwanza kwa mnyama mwenye seli nyingi. Wengi wao ni huntha: mnyoo mmoja hutengeneza mbegu na mayai, hujitungisha mwenyewe, na huzaa watoto wapatao 300 ndani ya siku chache. Kwa kazi hii hiyo ni neema kubwa, maana ukoo mzima unaweza kuanzishwa na mnyoo mmoja, na badiliko linalorithiwa hujitokeza baada ya kizazi kimoja au viwili.

Kuielewa Tc1 kabla ya kuanza

Zipo transposoni za aina nyingi ndani ya mnyoo huyu. Nyingine ni za kundi la retrotransposoni, kama vile Cer1, ambazo hujinakili kwa kupitia RNA, lakini anayeanza namshauri ashike Tc1, ambayo tangu iligunduliwa mwaka 1983 ndiyo iliyochunguzwa kuliko zote. Ina jozi za besi 1,610. Miisho yake miwili, kila mmoja wa besi 54, ina mfuatano ule ule uliogeuzwa, yaani ukisoma uzi mmoja kutoka kushoto na uzi wa pili kutoka kulia, herufi ni zile zile. Katikati ya miisho hiyo imo jeni moja tu, inayotoa protini ya asidi amino 343 iitwayo transposasi, ambayo ndiyo fundi wa uhamaji wote. Mwaka 1996 ilionyeshwa katika neli ya maabara kwamba transposasi ikiwa peke yake, bila protini nyingine yoyote ya mnyoo, inatosha kuing'oa Tc1 na kuipachika penginepo.

Uhamaji huenda hivi. Transposasi hushika miisho yote miwili, huivuta ikakaribiana, kisha hukata. Mkato wake haulingani kwenye nyuzi mbili za DNA: uzi mmoja hukatwa mpakani kabisa mwa Tc1, na uzi wa pili hukatwa besi mbili ndani yake, kwa hiyo Tc1 inapoondoka huacha herufi zake mbili zikining'inia kila upande wa pengo. Jambo hilo dogo lisisahaulike, kwa kuwa ndilo litakalotupa ushahidi mwishoni. Kipande kilichong'oka hutafuta mahali penye herufi TA, na hakiridhiki na mahali pengine popote. Hata kati ya TA zilizo nyingi mno katika jenomu, baadhi hupendwa zaidi ya nyingine. Kikishajipachika, seli huziba mianya midogo iliyobaki, na TA iliyokuwa moja huonekana mara mbili, moja kila upande wa Tc1.

Kuhusu pengo lililoachwa nyuma, seli ina njia mbili. Inaweza kuunga ncha moja kwa moja, na hapo hubaki kovu: palipokuwa na TA pakawa na TACATA au TATGTA. Vinginevyo inaweza kuazima mfuatano kutoka kromosomu ndugu. Ikiwa kromosomu hiyo nayo ina Tc1 mahali pale pale, Tc1 hunakiliwa upya na pengo hujazwa kana kwamba hakuna kilichoondoka, ilhali kile kilichong'oka tayari kimepata makao mengine. Ndiyo maana kipande ambacho hukatwa na kupachikwa, wala hakijinakili chenyewe, kinaweza kuongezeka idadi katika jenomu. Ndiyo maana pia mnyoo mwenye Tc1 katika kromosomu moja tu ya jozi hurudia hali ya kawaida takriban mara 100 zaidi ya yule aliye nayo katika kromosomu zote mbili, jambo lililopimwa na kuchapishwa mwaka 1991.

Kuchagua ukoo wa minyoo

Hapa ndipo wengi wanapokosea mwanzo. Ukoo wa kawaida wa maabara, N2, ambao asili yake ni Bristol, Uingereza, una nakala za Tc1 zipatazo 30, lakini katika seli zake za uzazi nakala hizo zimetulia. Ukoo wa Bergerac, wa Ufaransa, una nakala mamia kadhaa na zinahama. Minyoo wa aina hii wamekusanywa hata kwetu, Kenya, katika maeneo ya Nairobi na Limuru, na ningependa sana kuona vijana wetu wakiichunguza Tc1 ndani yao. Ila kwa jaribio la kwanza chukua ukoo ambao tabia yake imeshaandikwa.

Utulivu wa N2 hautokani na ubovu wa Tc1. Katika seli za mwili za mnyoo huyo huyo Tc1 hung'oka mara kwa mara. Kinachoizuia katika seli za uzazi ni ulinzi wa RNA. Nakala za Tc1 zikiwa karibu na jeni nyingine husomwa pamoja nazo bila kukusudiwa, na RNA inayotokea, kwa kuwa miisho yake inalingana, hujikunja na kuwa ya nyuzi mbili. Seli huikatakata RNA hiyo kuwa vipande vidogo, huvizidisha, kisha huvitumia kutafuta na kuharibu RNA ya transposasi. Ni njia ile ile ya kuzima jeni kwa RNA ambayo Andrew Fire na Craig Mello waliieleza mwaka 1998 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Mnyoo aliyeharibika jeni kama mut-7 hana uwezo wa kukamilisha ulinzi huo, na Tc1 huanza kuhama katika mayai na mbegu zake.

Unachohitaji basi ni koo tatu: N2 kama kipimo cha ulinganisho, ukoo wenye Tc1 ndani ya jeni ya misuli unc-22, kama ule ujulikanao kwa alama ya st136, na ukoo ulio na Tc1 hiyo hiyo pamoja na hitilafu ya mut-7. Koo nyingi za aina hii hutunzwa katika Caenorhabditis Genetics Center, Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na huagizwa kutoka huko. Shughulikia kibali cha kuingiza viumbe nchini kabla ya kuagiza, kwa maana minyoo husafirishwa wakiwa hai na hawawezi kusubiri wiki nyingi forodhani.

Kabla hujaanza kuhesabu chochote, hakikisha kwamba mut-7 imeharibika kweli. Njia nyepesi ni kuwalisha minyoo bakteria wanaotoa RNA ya nyuzi mbili ya jeni pos-1. N2 akila bakteria hao mayai yake hayaanguliwi. Mnyoo wa mut-7, kwa kuwa hana ulinzi, huendelea kuzaa kama kawaida. Jaribio hili huchukua siku nne au tano tu, na ukiliruka utakuja kulilipia baadaye.

Kuwafuga

Minyoo hufugwa kwenye sahani za petri zenye agari, ambazo juu yake umepakwa ukoga wa bakteria E. coli OP50. Kwa N2 nyuzijoto 20 za Selsiasi zinafaa. Kwa mut-7 usivuke nyuzi 20, na ukiweza weka 15, kwa kuwa zikifika 25 minyoo hao huwa tasa. Utaona pia madume wengi kuliko kawaida. Usidhani sahani imechafuliwa, kwani hitilafu hii husababisha kromosomu ya X kupotea katika baadhi ya mayai na mbegu, na mnyoo mwenye X moja huwa dume.

Usiuendeleze ukoo wa mut-7 kwa vizazi vingi kwenye sahani. Kila kizazi Tc1 na wenzake huharibu jeni hapa na pale, na baada ya miezi kadhaa unachokifuga si kile ulichokipokea. Anza upya kutoka kwenye akiba iliyogandishwa.

Kuwatazama wanaotetema

Jeni unc-22 hutoa protini kubwa sana ya misuli iitwayo twitchini. Jeni hiyo ikiharibika, misuli ya mnyoo haitulii. Chini ya hadubini ya kawaida ya kukuzia mara 40 utaona ngozi yake ikichezacheza kwa mawimbi madogo yasiyo na mpango, hata pale mnyoo anapokuwa amesimama, kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi. N2 hupita kwenye bakteria akiacha nyayo za mawimbi yaliyo sawasawa. Huyu huacha michoro iliyokatikakatika. Mazoezi ya nusu saa yanatosha jicho kuwatofautisha.

Nikotini husaidia palipo na shaka. Mnyoo wa kawaida akiwekwa kwenye tone la nikotini ya asilimia 1 hukakamaa, lakini mwenye hitilafu ya unc-22 hutetema waziwazi. Hata mwenye jeni moja nzima na moja mbovu, ambaye kwenye sahani hutembea vizuri kabisa, hutetema akiwa ndani ya nikotini. Kwa sababu hiyo usitafute waliopona kwa kutumia nikotini. Tafuta kwenye sahani, kisha tumia nikotini kumjua aliyepona upande mmoja tu. Nikotini ni sumu inayopenya ngozi: vaa glavu na fanya kazi chini ya kabati la kuvuta hewa.

Sasa jaribio lenyewe. Chukua minyoo wanaotetema, weka mmoja mmoja kwenye sahani yake, sahani 60 za ukoo wenye hitilafu ya mut-7 na 60 za ukoo usio nayo. Waache wazae hadi kizazi cha pili, kabla chakula hakijaisha. Pitia kila sahani polepole ukitafuta hata mnyoo mmoja anayetembea kama N2. Huna haja ya kuhesabu waliopona ndani ya sahani moja, kwani wote wanaweza kuwa watoto wa tukio moja. Kinachohesabiwa ni sahani ngapi hazina hata mmoja. Kadiria pia idadi ya minyoo kwa sahani kwa kuwaosha kutoka kwenye sahani chache kwa maji ya chumvi ya M9 na kuhesabu sehemu yake.

Tuseme kati ya sahani 60, sahani 45 hazina aliyepona. Hiyo ni 0.75. Logi asili ya 0.75, ukiondoa alama ya hasi, ni 0.288. Ikiwa kila sahani ilikuwa na minyoo 2,000, gawanya 0.288 kwa 2,000 upate takriban 0.00014, yaani mnyoo mmoja na nusu hivi katika kila 10,000. Namba hizi nimezitunga ili kuonyesha hesabu. Zako zitatokana na sahani zako. Katika ukoo ambao mut-7 yake ni nzima, unapaswa kutopata aliyepona.

Kila aliyepona mhamishie kwenye sahani mpya akiwa peke yake na uwatazame watoto wake. Ikiwa Tc1 iling'oka katika seli ya uzazi ya mzazi wake, yeye ana kromosomu moja iliyopona na nyingine mbovu, na robo ya watoto wake watatetema. Uwiano huo wa tatu kwa moja ni jibu la kwanza la swali letu la tatu, na umepatikana kwa macho tu, kabla ya kufungua chupa yoyote ya kemikali.

Kuthibitisha kwa PCR

Mtumbukize mnyoo mmoja katika neli ndogo yenye maikrolita chache za maji ya kuyeyushia yaliyotiwa proteinasi K, kimeng'enya kinachovunja protini. Gandisha kwa nyuzi hasi 80 kwa dakika 10 au zaidi, pasha kwa nyuzi 60 hadi 65 kwa saa moja, kisha nyuzi 95 kwa dakika 15 ili kimeng'enya kife. Maji hayo ndiyo DNA yako.

PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili huo. Tengeneza praima mbili, moja kila upande wa mahali ilipo Tc1, zikiwa umbali wa besi 400 wakati mahali hapo ni patupu. Tc1 ikiwamo, kipande kitakuwa 400 na 1,610 na TA moja ya ziada, jumla 2,012. Praima ya tatu iwe ndani ya Tc1 ikitazama nje. Usiiweke ndani ya zile besi 54 za mwisho, kwa kuwa mfuatano huo upo pande zote mbili na praima itaanza kunakili kutoka kotekote.

Sasa fikiria kwamba umempima mnyoo anayetetema, ambaye kwa hakika ana Tc1 katika kromosomu zote mbili, na jeli inakuonyesha mstari wa 2,012 pamoja na mstari wa 400. Hilo lilinipata mimi, nikaandika kwamba transposoni imehama. Mstari ule wa 400 ulitoka kwenye seli za mwili, ambamo Tc1 hung'oka kwa wingi hata katika ukoo usio na hitilafu yoyote ya ulinzi. Tena PCR hupendelea vipande vifupi, na ukiipa muda mfupi wa kurefusha, tuseme sekunde 30, mstari mrefu hufifia kabisa na ule mfupi hubaki ukijidai peke yake. Upe kila mzunguko dakika 2 za kurefusha. Usimpime aliyepona mwenyewe. Pima watoto wake kumi wanaotembea vizuri kwenye sahani na ambao ndani ya nikotini hukakamaa kama N2 bila kutetema, ambao kromosomu zao zote mbili zimepona. Kwao praima ya tatu isitoe mstari, au utoe mstari hafifu usiorudiwa, na mstari wa 2,012 usiwepo.

Kisha peleka kipande kifupi kikasomwe mfuatano wake. Jeli haiwezi kutofautisha 400 na 404, na ni hizo herufi nne zinazobeba ushahidi. Ukikuta TACATA au TATGTA, umeliona kovu la transposasi. Herufi nne ndani ya eneo linalosomwa kuwa protini huvuruga usomaji wa herufi tatu tatu, kwa hiyo usishangae ukikuta kitu kingine: katika unc-22 wamepatikana minyoo waliopoteza kipande kizima cha jeni pamoja na Tc1, bila kuvuruga usomaji, na mwendo wao ukawa karibu wa kawaida. Katika hali hiyo mstari utakuwa mfupi kuliko 400, au hautatokea kabisa kwa kuwa mahali pa kushika praima pamepotea. Sogeza praima mbali zaidi kabla ya kuamua kwamba PCR imekataa.

Kutafuta ilikotua

Zamani tulikata DNA kwa vimeng'enya, tukaunga vipande vya kushikia praima, tukanakili kutoka ndani ya Tc1 kwenda nje na kulinganisha mistari. Siku hizi ni afadhali kusoma jenomu nzima na kutafuta mifuatano ambayo nusu yake ni Tc1 na nusu ni kitu kingine. Linganisha na ukoo mzazi uliotoka nao kwenye friji, wala si na jenomu ya N2 iliyochapishwa, maana ukoo wa mut-7 ulishakuwa na nakala zake mpya kabla haujafika kwako. Mahali papya pakubaliwe tu ikiwa TA inaonekana pande zote mbili na watoto wa mnyoo huyo wanayo Tc1 hapo hapo.

Mwishowe izuie isihame tena. Wapandishe na madume wa N2, watenganishe wajukuu mmoja mmoja, na uchague wenye Tc1 mahali papya ambao mut-7 yao ni nzima. Jaribio la pos-1 litakuondolea wenye mut-7 mbovu pande zote mbili, lakini waliobeba nusu watapita, kwa hiyo isome jeni yenyewe. Rudia upandishaji huo mara kadhaa ili kuondoa uharibifu mwingine uliojificha. Wanapokuwa lava wachanga waliokosa chakula muda mfupi tu, waoshe, wachanganye na maji yenye gliserini hadi ifikie asilimia 15, na uwaweke kwa nyuzi hasi 80 ndani ya boksi la povu ili wapoe polepole. Yeyusha neli moja baada ya siku chache uone kama wanatambaa, na usiwatupe walio kwenye sahani mpaka uwe umewaona.